Bandari Niliyoipima kwa Mwandamo

Mwezi uliopita niliitwa Chake Chake nizungumze na vijana wa idara mbalimbali juu ya kupima uendelevu wa mazingira katika bandari. Nimestaafu, magoti yananiuma, na nilikubali kwa sababu moja tu: waliniahidi gari litanifuata mpaka mlangoni. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine. Nikapewa chupa ya maji na biskuti mbili, nikakalishwa mbele kama bibi harusi. Kijana mmoja mwenye miwani akasimama, akawasha picha ukutani, na pale ukutani nikauona mwandiko wangu. Jina halikuwapo, lakini mwandiko wa mtu haumpotei mwenyewe, na zile tarakimu zangu za tatu zenye mkia mrefu ningezijua hata gizani. Kijana akasema, kwa adabu kubwa, kwamba huo ndio mwaka wa msingi, wa kulinganishia miaka mingine yote. Kwamba bandari ile ilikuwa safi wakati huo, kama vipimo vya Bi Saada aliye mbele yetu vinavyoonesha. Na kwamba lengo la mpango wao mpya ni kuirejesha bandari katika hali ya mwaka ule. Watu wakapiga makofi.  Nilikuwa nimeamini kwamba karatasi zile zimeliwa na mchwa zamani, na kumbe zimekaa miaka yote hiyo zikisubiri kuheshimiwa. Nilipopewa nafasi ya kusema, nikasema ahsanteni, nikasema kazi ilikuwa ngumu, nikakaa. Kisha nikamwomba dereva asinirudishe nyumbani kwanza, anipeleke kwa Zuhura.

Jina la bandari nitaliacha. Waliopo sasa hawakuwapo siku zile, na sitaki wabebeshwe mzigo usio wao. Itoshe kusema ni gati fupi upande wa magharibi wa Pemba, lenye ghala moja, mzani mmoja mbovu, na ghuba ya mikoko pembeni mwake, ambako wanawake walikuwa wakiokota chaza tangu kabla gati halijajengwa. Nilifika hapo nikitokea Wete, nina miaka ishirini na mbili, cheti cha skuli mkobani na kiburi kingi kichwani. Mradi ulikuwa unatafuta mtu wa kukaa pale mwaka mzima na kuipima bandari. Bwana Mahfoudh, mtaalamu aliyekuja kutoka Unguja kunifundisha kazi, alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu tatu mfukoni. Alinipa sahani nyeupe ya chuma iliyofungwa kamba yenye mafundo, kreti la chupa za kutia maji, na fomu zenye mistari. Sahani unaishusha majini na kuhesabu mafundo mpaka isionekane. Hivyo ndivyo unavyojua maji yana uangavu gani. Chupa zinapelekwa Unguja kwenye maabara, zimelazwa kwenye barafu. Halafu kuna mafuta juu ya maji, kuna takataka, kuna viumbe kwenye nguzo za gati, kuna vumbi la ghalani. Kila mstari unaupa alama, sifuri mpaka tatu, na tatu ndiyo safi. "Usiandike usichokiona," aliniambia Bwana Mahfoudh, na nikaona hakuna jambo rahisi kuliko hilo. Sikuandika nisichokiona hata mara moja, na hilo ndilo linalonitia wazimu mpaka leo.

Nilipanga kwa Bi Riziki, mkubwa wa wanawake wa chaza, mke wa mvuvi wa Kojani ambaye mwaka ule alikuwa dago, kambi za uvuvi za mbali, na hakurudi ila mara mbili. Nyumba ilikuwa kwenye mteremko juu ya gati. Chumbani nililala na binti yake, Zuhura, aliyekuwa na miaka kumi na tisa: vitanda viwili vya kamba, kreti langu la chupa chini ya kimoja, na dirisha dogo la mbao linaloangalia moja kwa moja meli inapofungwa. Zuhura alikuwa ameposwa na kijana wa Makangale, na mchana kutwa alikaa dirishani akidarizi kofia ya mchumba, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mpaka nikamwambia atapofuka kabla hajaolewa. "N'kipofuka utanisomea weye barua zake," akasema, "maana wapenda mambo ya watu." Asubuhi tulikunywa chai ya mdalasini na muhogo wa kuchemsha. Mchana ni bada, ugali wa muhogo, kwenye sinia moja, na siku za bamvua, bahari inapojaa na kukupwa sana, mchuzi wa chaza wa nazi, mzito, ambao Bi Riziki aliupika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiwafukuza kuku. Sijapata kula kitu kitamu kama kile, na siwezi tena kukila.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi, na aliyekuwa Pemba anajua maana yake bila kuhadithiwa. Pale bandarini palikuwa na wauza kahawa wawili, na kila mmoja ana watu wake. Mtu wa upande huu asingekunywa kikombe cha upande ule hata akiwa na kiu ya kufa. Watu waliozaliwa nyumba moja walipitana bila salamu. Na jambo moja lilikuwa limekufa kabisa, nalo ni imani katika hesabu. Ukisema idadi yoyote iliyotoka ofisini, ya kura, ya karafuu, ya watoto wa skuli, watu wanacheka puani. Kutoka jikoni niliwasikia wanaume wakinizungumza barazani, wala hawakujisumbua kushusha sauti.

"Yule mtoto wa kike apima nini pale gatini?"

"Apima kina. Wataka kuleta manowari."

"Manowari ya nini? Apima maji. Kesho watwambia bahari nayo ishapiga kura."

Wakaangua kicheko. Mimi damu ilinichemka, nikatoka na mwiko mkononi, nikawaambia kwamba mimi sipimi cha chama chochote, kwamba bahari haina kadi, na kwamba wakitaka kuona fomu zangu waje wasome.  Bi Riziki alinivuta kanga, akanirudisha ndani, lakini nilimwona anatabasamu. Kuanzia siku ile akawa anawaambia watu, "Mwanangu Saada haandiki uwongo." Mwanangu. Nilivimba kwa furaha kama mkate wa kumimina.

Sasa nifike penye kosa, maana nimeshalizunguka vya kutosha. Maelekezo ya fomu yalisema: pima mara moja kila mwezi, siku ile ile, katika hali zinazofanana. Mtu mwingine angechukua kalenda ya ukutani akatia duara tarehe kumi. Mimi niliiona kalenda ya ukutani ni upumbavu. Mtoto gani wa pwani asiyejua kwamba tarehe kumi ya mwezi huu maji yamejaa na tarehe kumi ya mwezi ujao yamekauka? Utalinganisha nini na nini? Kwa Bi Riziki siku zilihesabiwa kwa mwandamo, na kwetu Wete vilevile. Mwezi ukiandama watu wanajua lini bamvua, lini maji mafu yasiyojaa wala kukupwa sana, nani atoke na nani akae. Basi nikaamua kupima kila siku ya pili baada ya mwezi kuandama, saa sita mchana, maji yakianza kujaa. Hapo bahari itakuwa ile ile kila mara, na kitakachobadilika kitakuwa ni bandari tu. Nilimwandikia Bwana Mahfoudh ukurasa mzima kumweleza. Alijibu kwa barua niliyoitunza miaka mingi: akasema katika vituo vyote hakuna aliyefikiri hivyo, na kwamba nimempita akili. Nilimsomea Zuhura barua ile mara tatu. Mara ya nne alinirushia kofia usoni.

Na vipimo vikaja vizuri. Sahani ilishuka mafundo saba, manane, na bado naiona inameremeta chini. Hamad Kombo, mwenye mashua ya mashine iliyokodiwa na mradi, alishika usukani kimya huku nikipiga kelele za furaha. Chupa zilirudi kutoka maabara na karatasi zinazosema maji hayana neno. Nikaandika tatu, tatu, tatu, kwa mikia mirefu. Mwezi wangu wa sita pale, wanawake wa chaza walikwenda kwa sheha, mkuu wa mtaa, kuuliza. Watoto kadhaa walikuwa wameharisha, meli ya abiria ilikuwa siku hizo inalala gatini siku mbili mbili, na wao walitaka kujua kama ghuba yao bado inafaa. Sheha akanijia mimi. Nikakaa kwenye meza ya Bi Riziki nikanakili vipimo vyote kwa mwandiko mzuri, nikaandika juu, kwa herufi kubwa, MAJI NI SAFI, na karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa sheha. Hakuna karatasi ya serikali iliyodumu siku mbili bila kuchanwa mwaka ule. Yangu haikuguswa. Wa chama hiki walikuja kuisoma na wa chama kile walikuja kuisoma, na nikaambiwa kwamba mmoja wa wale wa barazani alisema, "Hino ya yule mtoto, n'taiamini." Nilidhani huo ndio ushindi mkubwa wa maisha yangu. 

Miezi miwili baadaye Zuhura akaacha kula chaza. Tulikuwa tumekaa ukumbini, sinia katikati, bada inatoa moshi, mchuzi mwekundu kwa pilipili. Bi Riziki alimtazama mwanawe anavyomega kidogo kidogo pembeni, hachovyi.

"Zuhura, mbona huli?"

"N'shashiba, mama."

"Washiba nini, na mchuzi hujaugusa?"

"Chaza hawa siwataki. Wana harufu."

Bi Riziki akakunja uso. Kukataa chakula mbele ya mgeni ni aibu ya nyumba, na mimi, hata baada ya miezi minane, nilikuwa bado mgeni panapohusu sinia. Ningeweza kucheka, yakaisha. Lakini mimi neno "harufu" lilinichoma kama tusi. Nilisikia ni kazi yangu inayotukanwa. "Harufu ya nini?" nikamwambia. "Nimepima leo hii saa sita, kwa mikono yangu. Mnataka nani awaambie zaidi?" Nikamega tonge la bada, nikalichovya mpaka ndani, nikalipandisha chaza wawili, nikamnyooshea mdomoni. Tonge la mkono wa mtu halikataliwi kwetu. Ukilikataa umemkataa mwenyewe. Zuhura alinitazama kidogo, macho yake yananichungua, kama anayetaka kuhakikisha jambo. Kisha akafungua mdomo. Nikamlisha la pili na la tatu, tunacheka, na kufika la nne akawa anakula mwenyewe. "Haya," akasema Bi Riziki, "mpimaji keshasema."

Homa ilimpata baada ya wiki mbili na siku kidogo. Mwanzo tukasema ni malaria, akapewa vidonge. Haikushuka. Tumbo likamvimba, akawa anazungumza na watu wasiokuwapo, na siku moja asubuhi akaniita kwa jina la bibi yake aliyekufa zamani. Tukampakia gari ya kukodi mpaka hospitali, na mimi na Bi Riziki tukakaa naye siku kumi na nane, tukilala kwa zamu kwenye mkeka chini ya kitanda. Wakasema homa ya matumbo. Wodi ile ilikuwa na dirisha lisilofungwa, na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu iliyochanganyika na uji. Watu waliokuja kumtazama mgonjwa wa kitanda cha pili walikuwa wa chama kingine. Siku ya kwanza walitupa mgongo, siku ya tano wakatugawia mkate wa sinia. Siku ya kumi na moja homa ikashuka. Bi Riziki akasujudu pale pale sakafuni. Mimi nikamwita Zuhura, nikamwambia amka, mvivu we, mchumba anakuja. Hakugeuka. Nikamwita tena kwa sauti. Muuguzi akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, mara moja, mara mbili. Zuhura aliendelea kutazama dari, mtulivu, akaniuliza kwa sauti kubwa mno: "Mbona mwanong'ona?" Nilikimbia kumwita daktari. Daktari alisema huenda ni homa, huenda ni sindano. Masikio hayakurudi.

Nilirudi bandarini siku ya nane ya mwezi ule mpya. Siku yangu ya kupima ilikuwa imenipita nikiwa hospitali. Ningeweza kuacha pengo, lakini mimi na pengo hatupatani, hivyo nikamfuata Hamad nikamwambia anitoe.

"Leo?" akasema. "Leo maji mafu."

"Najua ni maji mafu."

Nilijua, ndiyo. Nilijua kama kila mtu anavyojua: kwamba wiki ya maji mafu bahari hailipandi gati wala haikaushi ghuba, inasimama katikati, inazembea. Wiki hizo sikushuka gatini, nilikaa juu nikinakili fomu, wala sikuwahi kujiuliza uzembe ule una maana gani kwa kitu kinachomwagwa ndani yake. Meli ya abiria ilikuwa gatini tangu jana. Tulipoikaribia nilisikia harufu kwanza, na nikadhani ni Hamad amebeba chambo kilichooza. Kisha nikaona maji. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyolala, na utando wa mafuta juu, na ndani ya utando vinaelea vitu ambavyo sitaviandika, maana msomaji anaweza kuwa anakula. Bomba nene lilitoka ubavuni mwa meli, bado linadondoka. Nilishusha sahani. Kabla fundo la kwanza halijagusa maji, sahani ilikuwa imepotea. Nikaivuta, nikaishusha tena, kama vile mara ya pili ningepata bahari nyingine. Uchafu ule ulikuwa hauendi popote. Ulikuwa unajivuta taratibu, kwa upole, kuelekea ghuba ya mikoko, na kule, kwenye mizizi yote, chaza wamefumbua midomo wanakunywa. Nilimgeukia Hamad.

"Hamad, hii imeanza lini?"

"Kuanza nini?"

"Uchafu huu!"

Akanitazama kama anayeulizwa jua limeanza kuchomoza lini. "Hino ndo bahari ya hapa ya maji mafu. Meli yalala, yafungua, yamwaga. Bamvua likija lafagia lote. Juma lijalo hutaona kitu."

"Na kila mwezi unanileta hapa, unaniona naandika safi, safi, safi, na unanyamaza?"

Alizima mashine. Hamad alikuwa wa upande ule mwingine, wa wasiokuwa na serikali, na miezi yote ile tulikuwa tumezungumza habari za maji na mafuta ya mashine tu. "Mie n'kadhani wajua," akasema. "Weye si mtu wa ofisi? Wachagua bamvua, bamvua, kila mwezi bamvua. N'kasema, huyu kachagua siku ya bahari kupendeza. Watu wa hesabu ndo mlivyo."

"Ulidhani mimi ni mwongo? Miezi yote hii?"

"Sikudhani uwongo, Bi Saada," akasema, na alisema kwa upole, bila chuki yoyote. "N'lidhani ndo kazi mlotumwa."

 Nilikaa juu ya kreti la chupa. Mtu asiyejua lolote la bahari, mtu wa bara mwenye kalenda ya ukutani na duara lake kwenye tarehe kumi, angeyakuta maji mafu mwezi wa pili au wa tatu, kwa bahati tu, akapiga kelele. Ilihitajika mtu wa pwani, mtoto aliyelelewa kwa mwandamo, mwenye akili ya kumpita Bwana Mahfoudh, kuyakwepa kila mwezi bila kukosea hata mara moja. Chaza wanakunywa siku zote thelathini. Mimi nilipima moja, nikaichagua ile bahari inayotoka kuoga, halafu asubuhi ya siku ile ile wanawake wakaokota chaza wenye uchafu wa juma zima matumboni.

Nililiondoa bandiko mlangoni kwa sheha siku hiyo hiyo, kwa kucha. Wanawake wakakusanyika barazani kwa Bi Riziki, wamekaa chini, ndoo zao tupu ubavuni, wakanitazama. Na mimi, niliyetoka na mwiko kuitetea bahari, nikasema: "Maji yameharibika sasa. Msiokote tena." Sasa. Nilisema yameharibika sasa, kana kwamba jana yalikuwa mazima. Wakasikitika, wakailaani meli, wakaniombea dua kwa kuwaambia mapema. Mapema! Bi Riziki alinishika kichwa, akanibusu kwenye paji la uso, mkono wake bado unanuka dawa ya hospitali. Yeye alihamia kilimo cha mwani upande wa pili wa kisiwa, kazi aliyoichukia mpaka siku aliyokufa, na kila nilipomtembelea alinichinjia kuku. Sikuwahi kumwambia. Kwa Bwana Mahfoudh nilijitahidi zaidi; nilimwandikia yote. Akaja, akasoma fomu zote kwa utaratibu, akasema kipimo kimoja cha ghafla hakiwezi kuvunja mfululizo mzuri namna hii, tukiweke maelezo chini, kwa penseli. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda mistari iliyokaa sawa. Mradi ukaisha kabla ya mwaka wa pili, na kule ukumbini Chake Chake mwezi uliopita, nilipokazana kuyatafuta yale maelezo ya penseli ukutani, nikaona kwamba picha ilikatwa chini.

Dereva aliponifikisha siku ile, nilimkuta Zuhura amekaa mlangoni, nywele zote nyeupe, anachambua mchele. Yule kijana wa Makangale alimwoa vilevile, na kofia akavaa, na watoto wanne wakazaliwa wakajifunza kuzungumza na mama yao kwa mikono. Hodi haisaidii kwake. Unapita mbele mpaka akuone. Aliponiona alipiga ukelele mmoja, mtaa mzima ukageuka, akanikumbatia na ungo katikati yetu, mchele ukamwagika. Tulikaa ukumbini. Alinipa daftari la mjukuu na kalamu, kama anavyowapa wageni wote, na akasubiri habari za Wete, ndoa, vifo, magoti.  Nikaandika kurasa mbili na nusu. Niliandika habari ya mwandamo, na bamvua, na sahani iliyopotea, na neno sasa. Niliandika kwamba maji hayakuwa safi hata siku moja mwaka ule, kwamba mimi ndiye niliyemlisha, na kwamba miaka yote hii nimekaa nikila kuku wa mama yake.

Alisoma polepole, kidole kinafuata mistari. Nilitazama uso wake nikingoja uvunjike. Haukuvunjika. Alifika mwisho, akakunja midomo, akasema kwa ile sauti yake kubwa isiyojua ukubwa wake:

"Meli mie n'liiona. N'likuwa dirishani n'kidarizi. Yafungua bomba yamwaga, juma lile lile, kabla ya bamvua. Ndo mana n'kawakataa wale chaza."

 Nilinyakua kalamu, nikaandika kwa herufi za kukimbia: Kwa nini ulikula?

Akasoma, akanishangaa mimi.

"Si kwa vile weye ulipima? N'kasema moyoni, ikiwa mie mjinga n'meiona kwa jicho, Saada na machupa yake yote aikose? Basi kaiona, kaihesabu, kaipima, kakuta haidhuru. N'kafungua mdomo."

Alitabasamu kwa kukumbuka. Kisha tabasamu likasimama, taratibu, na akarudi kwenye daftari, akakisoma tena kipande cha katikati, kidole kikienda na kurudi. Aliponyanyua macho yalikuwa macho yale yale ya mbele ya sinia, yananichungua.

"Saada," akasema, na hapo sauti yake ilishuka kuwa ndogo kabisa, sijui aliijuaje njia ya kuishusha. "Kwani ile ya meli haikuwamo mle katika hesabu?"

Akanisogezea daftari. Niliandika: Haikuwamo. Alilisoma neno hilo moja kwa muda mrefu sana.